Paka Asiyefika Mezani

Juzi, kwenye makao ya wanyama waliotupwa, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja muuza samaki kutoka Kaloleni. Alikuwa amechagua paka aliyepooza miguu ya nyuma. Waliotutangulia walimpita bila kumtazama.

“Mama, huyu hawezi kukamata panya,” karani akamwambia.

“Panya niachie mimi. Nauza samaki, na huyu hawezi kuruka mezani aniibie.”

Karani akacheka, akamwandikia hati ya kumchukua. Nami nilimwamini yule mama, mpaka nilipomkuta nje ameketi kwenye ngazi. Alikunjua gazeti alilotoka nalo nyumbani, akatoa kipande cha samaki wa kukaanga, akaondoa miiba mmoja mmoja, akamlisha paka kwa kidole.

Kweli, huyo paka hataiba. Sijui hata atasikia njaa saa ngapi.