Kisu Kwenye Kichuguu

Dudumizi alipoanza kulia kwenye mianzi, Khampiu alikuwa ameshavuka mashamba ya mpunga, kapu mgongoni, kijiti cha mwanzi kimefichwa ndani ya kapu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, kisha jua likatoka kwa ukali mpaka ardhi ikafuka mvuke. Hali ya hewa ya namna hiyo ndiyo inayoamsha uyoga wa vichuguu, na mtu yeyote wa kijiji cha Nong Waeng mwenye pua alilijua hilo. Ndiyo maana Khampiu hakwenda moja kwa moja. Alianza kwa kupita bwawani, akainama kuchuma majani ya kando ya maji, taratibu, ili aonekane.

Aliyemwona alikuwa Wandi, jirani yake, aliyekuwa akiogesha nyati.

"Leo unatafuta nini, dada?"

"Majani ya kuchemsha tu."

"Majani! Na kapu lote hilo? Hilo si la kubebea nguruwe?"

"Nina njaa."

"Haya. Majani yakizidi unikumbuke, dada. Hasa yale yenye kofia."

Khampiu alicheka kwa mdomo, macho hayakucheka. Alipofika mahali ambapo Wandi hakuweza kumwona tena, alijibanza nyuma ya kichaka na kusubiri. Alimsikiliza mlamba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, ambaye hapigi kelele bure: akipita mtu chini yake, atasema. Mlamba hakusema. Ndipo Khampiu akashika njia ya kweli, ile inayopanda kwenye mgongo wa kilima, mahali pakavu pasipo kijito wala kisima, penye udongo mwekundu unaong'ang'ania visigino kama hina.

Kichuguu kilikuwa pale pale. Uyoga nao ulikuwa umeota, lakini kuna mtu aliyemtangulia.

Alipiga magoti. Kofia zote kubwa zilikuwa zimeondolewa. Vilivyobaki ni vikonyo vyeupe vilivyosimama ardhini, na vichwa vyake vimekatwa sawasawa, kwa mshazari, kama mtu akatavyo kitunguu. Aligusa kimojawapo kwa kidole. Bado kilikuwa na unyevu.

Kisu. Mtu alikuwa ameleta chuma hapa.

Katika Nong Waeng hata mtoto anajua kwamba chuma hakigusi kichuguu chenye uyoga. Unachomeka kijiti cha mwanzi pembeni ya shina, unalegeza udongo, unaung'oa uyoga mzima na mzizi wake, kisha unaliziba tundu kwa kidole gumba. Mchwa ndio wenye shamba hilo. Wewe ni mgeni tu. Ukiingia na chuma wanakasirika, wanahama, na mwaka unaofuata utakuta nyasi.

Khampiu hakuyasikia hayo kwa watu tu. Mama yake alikuwa na vichuguu viwili, akavigawa kwa binti zake wawili alipoanza kupoteza macho, kila mmoja kwa wakati wake, kwa kumnong'oneza sikioni. Dada yake, Khamla, alikuwa mwanamke mwenye upendo mwingi na mdomo mwepesi. Alimwambia mumewe. Mume akawaambia kaka zake, nao wakaja na majembe. Msimu ule Khamla alikula uyoga mpaka akauchoka. Tangu hapo kichuguu chake hakikutoa hata uyoga mmoja, na mpaka leo ng'ombe wanajikunia mgongo pale.

Khampiu alijifunza. Aliishi na mumewe, marehemu Sai, maisha mazima ya ndoa bila kumwambia. Sai alikuwa mtu mpole. Kila msimu alikula supu, akalamba vidole, akauliza, "Umeutoa wapi huu?" naye akajibu, "Ulinililia njiani, nikauokota." Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliuliza tena, kwa utani, na Khampiu akampa jibu lilelile. Kuna siku jibu hilo humrudia akiwa anapepeta mchele, naye huacha kupepeta kwa muda.

Sasa alikaa mbele ya vikonyo vilivyokatwa na kujiuliza ni nani. Wandi? Wandi ana domo, lakini ni mtu wa Nong Waeng. Angeweza kuiba, asingeweza kukata. Mkono uliofanya hivi ulikuwa mkono wa mgeni. Na mgeni katika maisha ya Khampiu alikuwa mmoja tu, na alilala chini ya paa lake.

Huko kwao, kijana akioa huhamia kwa wazazi wa mke. Sithon alikuja mwaka uliopita kumwoa Duangta, binti pekee wa Khampiu, akitokea vijiji vya mto Mun, ambako watu ni wavuvi na hukata kila kitu kwa kisu, samaki, mboga na hata uyoga. Cha kwake kilikuwa na mpini wa pembe ya nyati, na hakikuondoka kiunoni. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, hodari wa kusuka nyavu. Khampiu hakuwa na neno juu yake, na hilo lenyewe lilimtia mashaka.

Alirudi nyumbani na majani ya bwawani tu. Sithon alikuwa uani akichonga kwa tezo mti wa kapi, gurudumu la kuvutia nyavu.

"Mama umerudi mapema. Msitu umekunyima?"

"Msitu haunyimi mtu. Watu ndio wananyimana."

Sithon aliinua uso. "Kuna nini, Mama?"

"Kuna nini wapi?"

Kijana akarudi kwenye mti wake. Khampiu alimtazama kiunoni. Kisu hakikuwapo.

Kuanzia siku ile alimchunguza mkwewe kama mtu anayechunguza wali wenye mawe. Alinusa kapu lake. Alitazama visigino vyake alipopanda ngazi. Vilikuwa na tope jeusi la mashambani, lakini tope si linaoshwa? Kisu kilipoonekana tena kiunoni, akajiuliza kilikuwa wapi. Sithon alipoimba, alijiuliza anafurahia nini. Aliponyamaza, alijiuliza anaficha nini. Usiku mmoja Khampiu alipochemsha uyoga mdogo wa kawaida aliookota kando ya njia, Sithon alisema umekolea vizuri, na Khampiu akafikiri: bila shaka umezoea ule mkubwa.

Duangta, mwenye mimba ya kukaribia kujifungua, hakuuonja. Mama yake alikuwa amemkataza tangu mwanzo wa mvua: mjamzito hapewi uyoga, mtoto atatoka na ngozi ya magamba. Alikaa pembeni na kibonge chake cha wali wa kunata, akikichovya kwenye chumvi na pilipili, akitazama chungu.

"Hata mchuzi tu, Mama?"

"Hata harufu, kama ningeweza kuizuia."

Uyoga wa vichuguu huota kwa mawimbi, na Khampiu alijua wimbi la pili liko njiani. Alirudi kilimani na kuweka mtego. Karibu na kichuguu njia inabanwa na vichaka viwili. Aliinamisha tawi lenye kiota kikubwa cha majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, akalifunga kwa utelele, mmea wa kutambaa, likae usawa wa kifua katikati ya pengo. Yeye mwenyewe alipita kwa kutambaa. Asiyejua atasukuma tawi ili apite, na majimoto watamwandikia jina lake mwilini.

Mvua ikaja, jua likafuata. Siku iliyofuata alikuta utelele umekatika na kiota kimechanika. Vikonyo vilikuwa pale pale ardhini, vimekatwa kwa mshazari.

Alishuka kilima bila kujificha, akapita mbele ya Wandi pale bwawani bila kumsalimu.

Sithon alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa juu ulio wazi, akila. Shingo yake yote ilikuwa na vipele vyekundu. Mikono pia, mpaka kwenye viwiko. Duangta hakuwapo, alikuwa ameenda kwa Wandi kusaga pilipili. Ukumbini pote palinukia mafuta ya kafuri, yale anayojipaka Duangta mgongo ukimuuma.

"Umeng'atwa na nini?" Khampiu aliuliza, angali kwenye ngazi.

"Majimoto, Mama. Nilienda kuangua mayai yao. Duangta ana hamu nayo."

"Mayai yako wapi?"

"Sikuyapata."

"Mti ulipanda, chungu ukawapata, mayai ukayakosa."

Sithon aliacha kutafuna.

"Kusanya nyavu zako," Khampiu alisema. Sauti haikupanda. "Mtoto atazaliwa hapa, utakuja kumwona. Lakini hutalala tena kwenye nyumba hii. Nilimficha mume wangu mpaka kaburini, sembuse wewe uliyekuja jana. Na kisu umepeleka! Laiti ungeiba kama mtu, kwa kijiti!"

Kijana alitazama bakuli, kisha akatazama njia inayoelekea kwa Wandi. 

"Ni kweli, Mama," alisema. "Ni mimi. Nisamehe."

Khampiu alikuwa amengoja maneno hayo kwa siku nyingi. Alipoyapata hayakumshibisha. Alipanda ngazi, akakaa.

"Ulinifuata lini?"

"Siku… ile ya mvua."

"Ukapitia wapi?"

"Pale pale Mama unapopitia. Nikavuka kijito."

"Kijito."

"Kile kidogo, Mama. Hakina maji mengi."

Khampiu alimtazama. "Na kichuguu kiko upande gani wa kijito?"

"Huku," Sithon alisema, akionyesha kwa kidevu upande ambao ungeweza kuwa wowote. "Chini ya mianzi."

Kilima kile hakijawahi kuwa na kijito, wala mwanzi mmoja.  Mtu huyu hajafika. Mtu huyu anakubali wizi wa mahali asipopajua, na yuko tayari kubeba nyavu zake aondoke kwa ajili ya mtu mwingine. Na mtu hachukui aibu ya namna hiyo kwa ajili ya jirani.

Ngazi ililia. Duangta alikuwa anapanda, mkono mmoja kiunoni, mwingine umebeba kinu kidogo. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, la kazi za shambani, katika joto lile.

"Mbona mmenyamaza? Kuna msiba?"

"Kunja mikono ya shati," mama yake alisema.

"Mama…"

"Kunja."

Sithon alisimama. "Mama, nimeshasema ni mimi."

"Wewe kaa. Mwongo gani wewe, unavuka kijito kilimani!"

Duangta aliweka kinu chini. Alikunja mkono mmoja. Vipele vilipanda kutoka kiganjani mpaka kwenye bega, vinang'aa kwa mafuta ya kafuri.

"Nilimkuta njiani anarudi, chungu wamemjaa mpaka kwenye nywele," Sithon alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nawapangusa tu. Wakahamia kwangu."

Khampiu hakumsikia vizuri. "Nani alikuonyesha?" alimwuliza binti yake.

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilipokuwa mdogo uliniacha kwenye kibanda cha shamba, ukaniambia nihesabu ndege mpaka urudi. Mama, ni mtoto gani anakaa kuhesabu ndege? Nilikufuata. Kila mwaka nilikufuata."

"Na hukusema."

"Nilingoja uniambie mwenyewe."

Chini ya nyumba jogoo alikukurika, akatulia.

"Na chuma? Umekulia hapa, Duangta. Yaliyompata mama yako mkubwa Khamla unayajua. Chuma!"

Hapo binti alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Sasa nipige magoti vipi na hili tumbo? Nilijaribu na kijiti. Nikishuka siinuki! Siku moja nilibaki nimekaa pale kama chura mpaka nikashika mti. Ndiyo nikachukua kisu chake, nikakifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu, nikakata nikiwa nimesimama. Niliuchoma uyoga kwa chumvi, ndani ya jani, kule kule. Ulikuwa unachemsha mbele yangu, Mama. Kila siku. Ukaninyima hata mchuzi."

 Khampiu alifikiria vikonyo vilivyosimama ardhini, na mchwa chini yake, na kama wamekasirika au la. Hilo lingejulikana mwakani tu, na halikuwa na dawa. Alimfikiria Sai akilamba vidole. Kisha akachukua kikapu cha wali, akakisukuma mbele ya mkwewe.

"Kula. Wali unapoa."

"Nyavu je, Mama?"

"Nyavu zina nini? Zinakula?"

Sithon alikula vibonge viwili, akatabasamu kwa mkewe. Khampiu aliliona tabasamu lile na halikumpendeza sana.

"Mkwe," alisema, "hebu shuka chini ukaangalie kuku."

"Kuku wana nini?"

"Nimesema shuka."

Alishuka. Khampiu alimvuta binti yake karibu, akaweka mdomo sikioni mwake, jinsi mama yake alivyomfanyia yeye. Akamwambia njia: mti uliopigwa radi, kisha jua begani, kisha udongo unapogeuka mwekundu, kijiti upande gani, kidole gumba vipi. Alisema yote, bila kuruka, kama kwa mtu asiyejua chochote, na Duangta aliitikia kila neno kwa kichwa, macho chini, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Chini yao Sithon alikuwa akiwaita kuku kwa sauti kubwa, ili ijulikane hasikilizi. Halafu sauti ikakoma.

Khampiu alikatisha mnong'ono. Alitazama sakafu ya mbao, na nyufa zake. Akainua kisigino chake chenye udongo mwekundu, akapiga ubao.

"Mbona kimya? Ita kuku!"

"Kuku wote wapo hapa, Mama!"

"Ita hivyo hivyo!"

Akaita. Ndipo Khampiu akaendelea kunong'ona.