Fundi Aliyejilaza Kitandani kwa Mteja

Fundi Ungo, kama mtaa ulivyomwita, alikula jasho lake kwa kufunga ungo wa setilaiti juu ya mapaa. Siku moja aliitwa na mama ambaye mumewe, aliyevunjika nyonga, alitamani kutazama fainali ya Jumamosi. Fundi alivua viatu, akajilaza kando ya mgonjwa.

"He! Umekuja kufunga au kulala?" mgonjwa alishangaa.

"Nataka kuona unachoona, baba."

Dirishani, ghorofa jipya lilikuwa limeziba anga upande wa setilaiti; ungo usingenasa mawimbi. Akajaribu kuonyesha mpira simuni, intaneti ikakwamakwama.

"Mama, chukueni kebo. Waya umeshafika kwa jirani."

"Unakitia mchanga kitumbua chako, mwanangu!"

Fundi akacheka, akampigia mshindani wake wa kebo. Jumamosi mzee alitazama fainali nzima, akaizomea timu yake mpaka sauti ikakauka.