Kichwa cha Mama na Turubai la Koleta

Nikipita Nyakanazi mchana wa jua kali, pale mama ntilie walipofunika vibanda vyao kwa turubai, harufu ya plastiki iliyopata moto hunirudisha nyumbani kwetu Kanazi, miaka ya wakimbizi, kwenye kichwa cha mama yangu.

Kilimjia kila mwezi. Upande mmoja ulianza kugonga, naye akajilaza gizani, kamba ya mgomba imekazwa kwenye paji la uso. Hakutaka mwanga wala kelele, na harufu yoyote ilimtapisha. Siku hizohizo nyuma ya nyumba vilianikwa vitambaa chini ya kanga, visionekane. Mambo hayo hayakusemwa, basi hakuna aliyeyahusisha na kichwa.

Koleta, mkimbizi kutoka Rwanda, alikuwa akija kutoka kambini kutulimia kwa malipo ya ndizi, amejitanda kipande cha turubai. Kinyarwanda chake na Kihangaza chetu vilielewana, na mama alimpenda sana. Siku moja, mama akiwa na kichwa chake, Koleta aliingia na turubai lake, mama akatapika papo hapo. Shangazi, dada yake baba, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akawa amepata jibu.

"Wifi, kinachokuumiza ni huyu mtu. Kaja na mambo ya kwao kwenye hilo turubai."

Mama alikataa. Shangazi akapeleka maneno kwa baba, na Koleta akakatazwa kukanyaga kwetu. Aliondoka na mkungu wake wa mwisho kichwani.

Na kichwa kikanyamaza! Mama alikuwa amepata mimba. Shangazi alitembea kijiji kizima akijisifu. Mdogo wangu alipoanza kutembea, kichwa kikarudi kama kilikwenda kusalimia tu. Mama akanituma kambini nikamwite Koleta. Nilikuta vigingi na udongo mtupu. Watu walikwisharudi kwao.

Nilipokuwa mtu mzima, mimi nami kilinianza. Nesi mmoja wa Rulenge aliniambia ni kipandauso: kwa wanawake wengi huja homoni zinaposhuka karibu na hedhi, mimba mara nyingi hukituliza, na harufu huzidi kusumbua kikishaanza. Nilimweleza mama.

"Nilihisi si yeye," alisema. "Lakini kichwa kilikuwa kimetulia, mwanangu. Niliogopa nikimwita kitarudi."

Iliniuma, nikataka kumlaumu. Mwezi uliofuata, nikiwa kitandani gizani, nilijua kwamba hata mimi ningemwacha Koleta aende, kama ningeambiwa maumivu yale yangeondoka naye.