Kilichonyonya Betri ya Mama Keki

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, ingawa hakuwa na mtoto na jina lenyewe hakulipenda. Alikuwa mwoka keki mwenye mdomo mkali na mikono mitulivu. Aliweza kukugombeza huku akichora waridi la sukari bila mkono kutetemeka. Keki zake alizisambaza kwa gari la marehemu baba yake, gari kuukuu ambalo kiti chake cha nyuma kiliweza kulazwa, keki ya ghorofa tatu ikasimama humo bila kugusa dari.

Gari hilo ndilo lililomgombanisha na kaka yake. Baba, kabla hajafa, alisema mbele ya wote kwamba gari ni la binti. Kaka, msimamizi wa ghala aliyezoea kusikilizwa, alinyamaza siku ile, lakini jambo lilimkaa rohoni. Tangu hapo, kila walipokutana kwa mama yao, hakukosa neno: matairi yamekwisha, rangi imefifia, gari linanuka siagi.

Kwa hiyo alipojitolea kulifungia alamu, dada yake alishangaa.

"Wezi wamezidi," kaka alisema. "Niachie ufunguo, fundi wangu atalifunga."

Lilirudi na alamu inayolia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, redio mpya yenye taa za buluu, na soketi ya kuchajia simu. Mama yao alifurahi, akaamini wanawe wamepatana. Mama Keki akashukuru shingo upande.

Haukupita muda, gari likaanza kugoma asubuhi. Anazungusha ufunguo, starta inakohoa, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Jirani anamwazima moto kutoka betri ya gari lake, gari linawaka, na kesho yake ni yale yale. Akimpigia kaka yake, jibu ni moja.

"Unaacha taa zinawaka. Nilisema mimi, hujui kutunza gari."

"Taa nazima."

"Basi ni uzururaji. Kila siku upo kwa yule mshona viti. Kama limekushinda, lirudishe."

Mama Keki alikata simu. Habari za mshona viti, mwanamume aliyekuwa akimtembelea, hakuwa amemwambia mtu. Alidhani ni umbea wa mtaani, akawanunia majirani wote, hata yule aliyekuwa akimwazima moto.

Ndiyo maana asubuhi ya harusi moja gari lilipokataa kabisa, hakuwa na wa kumgongea mlango. Alikwenda kwa gari la kukodi, keki magotini. Dereva alirukia tuta, ghorofa ya juu ikateleza ikamwangukia kifuani. Ukumbini, mama wa bibi harusi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia atoke kwa mlango wa jikoni.

Siku iliyofuata alimwita fundi umeme wa magari, mzee mkavu asiye na salamu ndefu. Fundi alifungua boneti, akachomoa waya mmoja wa betri, akaunganisha mita yake hapo katikati.

"Gari limezimwa, lakini kuna kitu kinakunywa umeme," alisema.

"Alamu?"

"Alamu hunywa kidogo muda wote, kazi yake ni kukesha. Betri nzima haisikii. Yako imezeeka, na safari zako fupi, kwa hiyo kinachotoka hakirudi chote. Halafu hii redio wameiunga moja kwa moja kwenye betri, ukizima gari, yenyewe hailali."

Alikata redio, namba kwenye mita zikashuka. Akakata alamu, zikashuka tena, lakini hazikushuka kama alivyotaka. Fundi akalala chali chini ya usukani, akapapasa, akatoka na kiboksi kidogo kilichoviringishwa utepe mweusi.

"Na hiki cha kufuatilia gari, ulifungiwa na nani? Kinatuma taarifa mahali gari lilipo."

Mama Keki aliyakumbuka maneno ya kaka yake kwenye simu. Akaelewa alivyojua habari za mshona viti. Akasema, "Toa vyote."

Alimkuta kaka yake kwa mama, anakula. Alikiweka kile kiboksi katikati ya sahani yake, juu ya chakula.

"Kitu chako hiki."

Kaka alikiangalia, akasogeza sahani. "Lile ni gari la baba. Lazima nijue linakwenda wapi."

"Gari, au mimi?"

"Mtu mzima unaingia na kutoka kwa fundi viti. Nani atakaa kimya?"

"Umeniulia betri, umenivunjia kazi, halafu unanitukana."

"Betri ilikuwa kuukuu. Kama wewe."

Mama yao alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Mwanangu, kaka yako alikuwa anakulinda," alisema bila kuinua macho.

Mama Keki alimgeukia polepole. "Kumbe ulijua."

Mama akaendelea kunyoosha kitambaa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko lile tusi.

Betri ilikuwa imeshaharibika kwa kuisha moto mara kwa mara. Ilibidi anunue nyingine. Gari likawaka kila asubuhi, halina alamu, halina redio. Ile familia ya harusi haikumwita tena na iliwaonya wengine. Mama Keki alimwomba radhi jirani yule, naye jirani akapokea kwa kutikisa kichwa tu. Mshona viti aliposikia habari alicheka, akadhani ni jambo la kuchekesha, naye akanuniwa wiki nzima.

Kwa mama yake bado anakwenda, lakini saa ambazo kaka yuko ghalani. Anaosha vyombo, anafagia, anaongea machache. Juzi mama alimuuliza kama ameshamsalimia kaka yake.

"Sijamsalimia," alisema, akaendelea kusugua sufuria.