Nilimkaangia Mama Mkwe Kiporo cha Mbuzi

Admin, jina langu lifiche kabisa, na kijiji usikitaje, maana mawifi zangu wawili wako humu na mmoja anasoma mpaka komenti. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa huku Karagwe, nina watoto wawili. Mume wangu anafanya biashara Murongo mpakani, nyumbani anakuja Jumapili tu. Siku nyingine zote niko na mama yake.

Wazazi wa mama mkwe walitoka Rwanda, na kwa mila zao mwanamke hali mbuzi. Siyo kwamba hampendi, ni mwiko. Nilipoolewa alinionyesha sufuria yake akaniambia, "Mwanangu, mimi na wewe hatutagombana kwa lolote. Ila ukinilisha mbuzi, utarudi kwenu." Na hakuwa anatania.

Miezi miwili iliyopita aliugua, akalazwa, akarudi mifupa mitupu. Chakula hataki. Uji anaonja vijiko viwili anasukuma kikombe. Nesi alituambia wazi kwamba asipokula tutampoteza. Basi jirani akawa na sherehe ya kipaimara, wakachinja ng'ombe, wakachoma nyama, jioni akanifungashia iliyobaki pamoja na ndizi za kuchoma. Asubuhi nikaikatakata ndogo ndogo, ndizi nikaziponda, nikakaanga vyote na vitunguu mpaka vikashika rangi chini. Nilikuwa nawapikia watoto. Mara mama akaita kutoka chumbani, "Kinanukia nini hicho?" Nikampelekea kidogo. Jamani, alimaliza sahani akaomba nyingine! Nililia kwa furaha.

Mchana nikarudisha bakuli kwa jirani, nikamsifia ng'ombe wake. Akacheka. "Ng'ombe gani, dada? Ng'ombe aliisha kwa wageni. Ile ilikuwa mbuzi." Mawe, mama yangu!

Ningesema siku ile, ingekuwa bahati mbaya tu. Sikusema, niliogopa. Kesho yake nikanunua nyama ya ng'ombe, nikaichoma, nikailaza, nikaikaanga vilevile. Mama akaonja kijiko kimoja akasema, "Hii siyo ile," akageukia ukutani. Siku mbili hakula kitu. Siku ya tatu nikaenda mwenyewe buchani nikanunua mbuzi, kwa akili zangu timamu. Nimempikia hivyo mwezi mzima. Sasa anatembea, anachambua maharage uani, na juzi amekwenda kanisani kwa miguu yake.

Shida ni kwamba amekisifia hicho chakula kijiji kizima, na amewaita binti zake waje Jumamosi niwafundishe. Wifi mkubwa kanipigia: "Nyama ya ng'ombe tutakuja nayo, wewe utuelekeze tu." Mama ataonja, atasema hii siyo ile, na wote watanigeukia mimi. Nilipomweleza mume wangu alisema, "Mimi hilo neno sijalisikia." Hata yeye anaogopa! Tangu hapo wifi akituma meseji ya salamu tu nahisi ameshajua.

Ndoa yangu naiogopea, sitawadanganya. Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni kwamba nikisema ukweli atafunga mdomo tena, na safari hii sidhani kama atainuka. Kunyamaza nako siwezi, maana kila asubuhi kabla ya kula ananishika mkono, anafumba macho, anamshukuru Mungu kwa chakula na kwa kumpa mkwe asiye na hila. Halafu ananisubiri mimi niseme amina, na mimi nasema. Ndugu zangu, Jumamosi ni keshokutwa. Nishaurini, nifanye nini?