Midomo ya Mabuu wa Ukutani

Watoto wa kaka yake walimbandika jina Shangazi Mabuu, naye hakununa, maana ndiyo kazi yake hasa. Kutwa nzima kwenye hadubini anatazama midomo ya mabuu wa nyuki, na akirudi nyumbani bado anaisimulia, jamani, watu wakiwa mezani!

Si nyuki wa mzinga. Hawa kila jike ana tundu lake: anaweka chavua, anataga yai, anaziba, basi. Balaa ni nyuki mdoezi, anayejipenyeza mwenye tundu akiwa hayupo na kutaga lake humo. Buu wake humuua buu wa mwenyeji na kula akiba yote. Na mabuu wote ni weupe, hawana miguu wala macho. Utawatofautisha vipi? Kwa mdomo. Buu wa mwenyeji wa ukuta ule, akikomaa, hujisokotea hariri, kwa hiyo mdomo wake wa chini hutokeza mbele. Mdoezi hasokoti kitu. Wake umezama ndani kama wa kibogoyo.

Sasa kaka yake alitaka kubomoa ukuta wa udongo wa ghala la zamani, uliojaa matundu ya nyuki. Wifi hakutaka hata kusikia. Nyuki wale ndio wanaomzalishia maboga. Msimu walipoadimika maua yote yalipukutika, akabaki na majani. Wakakubaliana Shangazi aamue: wakiwa wadoezi, ukuta uanguke, wakiwa wenyeji, usiguswe.

Kaka akaleta mabuu kwenye kopo. Shangazi, na haraka zake, akakata vichwa na kuvichemsha kwenye dawa kali mpaka ikabaki ngozi tupu inayopitisha mwanga, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Akachungulia. Midomo imezama, yote. Roho ikamuuma kwa ajili ya wifi yake, lakini afanyeje? Akapiga simu.

"Wadoezi, kaka."

"Nilijua tu!" Kaka akacheka. "Mafundi wako hapa na sururu. Tena nilikuchagulia wazima, wanaotafuna. Waliolala kimya niliona wamekufa, nikawaacha. Labda mmoja amenata kwenye kifuniko."

Shangazi akalitazama kopo. Loo! Mtu mzima na kazi yake, anachemsha miili bila kuikagua! Buu anayetafuna hajakomaa. Bado hajajivua ngozi ya mwisho, na mdomo wa kusokotea haujatokeza. Aliyekomaa ameshashiba, amelala tuli. Alikuwa anatafuta ndevu kwa mtoto mchanga.

"Kaka, waambie waache! Nimekosea!"

"Umekosea nini tena? Mafundi hawasubiri, dada."

Zikasikika purukushani, kisha sauti ya wifi. "Watasubiri, wifi. Nimekaa mbele ya ukuta. Wanaotaka waanze na mimi."

Buu alikuwepo kweli, amenata kwenye kifuniko, amejikunja. Shangazi akamchukua kwa kibanio. Safari hii akamgeuza kwanza kila upande: hana chavua tumboni, mkavu, amekomaa huyu. Kusubiri kichwa kile kiwe angavu ndiko kulikomtoa jasho. Akaweka jicho kwenye hadubini.

Mdomo ulikuwa umetokeza mbele kama wa mtoto aliyenyimwa nyongeza.

Akacheka peke yake, machozi yakimtoka, akapiga simu. "Wifi, ni wenyeji. Inuka."

Wifi akapiga kigelegele cha kuwashtua mafundi.

Alasiri Shangazi akaenda mwenyewe, akafungua matundu mengine hapa na pale. Mdoezi alimkuta mmoja mmoja tu. Wengi walikuwa wamelala, wamebetua midomo vilevile. Akashusha pumzi ndefu. Mafundi walishaondoka na sururu zao, na kaka, kwa aibu, alikuwa amejilaza kwenye kiti, macho kayafumba.

Wifi akamwinamia. "Huyu naye amekufa, tumtupe," akasema, "au amekomaa tu?"