Paka Alikaa Eda Pamoja Nami

Paka alipimwa uzito wa safari ya ndege kwenye mizani ya maharage, sebuleni kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa sitoki nje. Mizani ilikuwa ya jirani yangu, mama Mkongo kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayeuza nafaka mbele ya nyumba yake. Aliileta akiwa ameibeba kichwani, akaiweka juu ya mkeka, akamkalisha paka kwenye sahani ya bati. Paka akatulia. Alikuwa dume zito la rangi ya majivu na kifua cheupe, na hakuwa na wasiwasi na mtu yeyote.

"Huyu si paka, ni mbuzi," jirani alisema. "We unamukulisha nini?"

"Ndagala," nilisema, wale dagaa wa ziwani.

"Basi umupunguzie. Na ule mufuko wa kumubebea wanaupima pamoja naye. Ndege itashindwa kuruka."

Nilicheka, kisha nikafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kwa maana nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Mume wangu alikuwa makanika. Tuliishi mtaa wa Ngagara, katika nyumba ndogo ya zamani yenye ua wa nyuma, na jioni alipotoka karakana paka alimngoja juu ya ukuta. Yeye ndiye aliyemleta, angali kitoto, ndani ya mfuko wa ovaroli. Alipofariki tulimzika siku ileile, kama sisi Waislamu tunavyofanya, na binti yetu hakumuwahi. Tuna mtoto huyo mmoja tu. Anaishi Ubelgiji na mume wake na watoto wao wawili. Alifika kaburi likiwa limeshaanza kukauka.

Nguo za marehemu tulizigawa sadaka. Nilibakisha sweta moja ya kijivu, ile aliyovaa akienda kusali alfajiri. Niliikunja nikaiweka kitandani upande wake, na paka akaanza kulala juu yake. Sikumfukuza. Harufu ya sabuni na mafuta ya gari ilikuwa bado imo, na nadhani sisi wawili tulikuwa tunakwenda kunusa kitu kimoja.

Siku moja kabla ya kurudi kwake, binti yangu alikaa nami chini kwenye mkeka, akanishika mkono.

"Mama, hutabaki hapa peke yako. Eda ikiisha ninakuja kukuchukua. Wewe na paka."

"Paka anapanda ndege?"

"Anapanda. Anakaa ndani na watu, kwenye mfuko, chini ya kiti cha mbele yako. Hawamtupi kwenye mizigo. Watoto wanamuota kila siku huyo paka."

Nilimuuliza kama naruhusiwa kumgusa njiani. Akasema naweza kuingiza kidole kwenye wavu. Maneno hayo madogo ndiyo niliyoyashika. Sijawahi kupanda ndege. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa najiona nimekaa, mfuko uko miguuni pangu, na kidole changu kimo ndani ya wavu.

Kwa asiyejua: mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Havai vya kupendeza, hajipaki manukato, anakaa nyumbani. Wapo wanaosema kwamba mchana, ukiwa na haja ya kweli, unaweza kutoka. Mimi nililelewa kukaa, nikakaa. Na ilitokea kwamba paka naye alikuwa na muda wake wa kungoja. Kule Ulaya hawapokei mnyama wa kutoka kwetu hivihivi. Daktari wa mifugo alikuja akamtia chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye namba, akamchoma sindano ya kichaa cha mbwa. Baada ya mwezi akarudi kuchukua damu, ikapelekwa kupimwa ng'ambo. Majibu yakawa mazuri, lakini bado ilibidi paka angoje miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Ukijumlisha, ilikaribia sana siku zangu.

"Hata paka anakaa eda," jirani alisema. "Huyu ndiye alikuwa bibi mudogo, muke wake wa pili."

Kazi ya kumzoesha mfuko ilikuwa yangu. Binti yangu aliuacha, mfuko laini wa kijani wenye wavu pembeni na zipu juu. Alinielekeza kwa simu: nisimlazimishe, niuache wazi, niweke ndani kitu anachokipenda. Niliweka sweta. Siku za kwanza paka alinusa tu mdomo wa mfuko akaondoka. Nikaongeza ndagala mmoja, ndani kabisa, yule mmoja niliyekuwa bado namruhusu kwa siku kwa sababu ya uzito. Akaingia, akala, akatoka. Baadaye akaingia, akala, akabaki. Nikafunga zipu nusu, kisha yote. Nikambeba nikizunguka naye sebuleni, chumbani, uani, huku nikimsomea dua kwa sauti ndogo. Mwishowe nilikuwa nikiufungua tu ule mfuko, naye anaingia mwenyewe, anajigeuza, analala. Jambo hilo lilinipa furaha, na wakati ule sikuwa na furaha nyingine.

Kuhusu karatasi zangu, binti yangu alisema nisijisumbue. Kabla ya kuondoka alinipiga picha nikiwa nimesimama mbele ya shuka jeupe. Na paka naye akampiga picha, mbele ya shuka lilelile.

"Watu wa viza nimewaeleza kwamba uko eda," alisema baadaye kwa simu. "Picha inatosha. Mengine nitayafanya huku."

Jirani hakulikubali hilo. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua mchele, akaniuliza bila kuinua macho:

"Walikuchukua vidole?"

"Vidole vya nini?"

"Mama, mi kwa kuvuka tu Uvira wanatazama karatasi yangu huku na huku. Sasa Ulaya, bila vidole? Apana. Shangazi yangu alienda Canada, walimuchukua alama za vyote kumi."

"Binti yangu anajua anachofanya."

"Mi sijasema hajui."

Nilidhani anaona uchungu kwamba ninaondoka, maana yeye ndiye aliyekuwa akinichotea maji, akininunulia sokoni, akikaa nami saa za jioni. Siku mbili tatu nilikuwa nikimjibu kwa mkato. Hakuniuliza tena.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikabadilisha nguo, binti yangu akafika. Safari hii hakulala nyumbani. Alisema anakaa kwa rafiki yake mtaa wa Mutanga Nord kwa sababu kule mtandao ni mzuri na ana kazi za kumalizia. Alikuja mchana, akamkagua paka, akampima, akasema, "Mama, umemfundisha vizuri kuliko mtu yeyote." Mimi nilikuwa nimeshafunga sanduku langu. Lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa chumba, na kila alipopita hapo hakulitazama. Hilo nililiona, lakini sikulipa maana.

Jioni moja, binti yangu akiwa amekwisha kurudi Mutanga, mjukuu wangu wa kike alinipigia simu ya picha. Ana miaka sita na anachanganya Kiswahili na Kifaransa. Alitaka kumuona paka. Nikamuonyesha, amelala ndani ya mfuko wake.

"Bibi, papa amemnunulia kitanda. Kiko pembeni ya changu."

"Vizuri. Na mimi nitalala wapi?"

Alicheka, akidhani namtania.

"Lakini wewe hutaki kuja."

"Nani kasema?"

"Maman. Amesema hutaki kumuacha babu kwenye kaburi. Bibi, kwa nini hutaki? Babu si amekufa?"

Nilimwambia amsalimie baba yake. Nilipokata simu nilibaki nimekaa na taa haijawashwa, nikisikia jirani anafunga magunia yake nje. Nilitaka kumuita. Sikumuita, kwa sababu ya vile vidole alivyoniuliza.

Kesho yake binti yangu alipoingia sikumkaribisha chai kwanza.

"Uliniombea?"

"Nini, Mama?"

"Karatasi. Uliniombea?"

Akaweka mkoba wake mezani, akauondoa, akauweka tena.

"Mama, kule ni baridi. Sisi tunashinda kazini wote. Nyumba yenyewe ni ndogo. Utakaa na nani mchana kutwa?"

"Sijauliza hayo."

"Sikuomba."

"Tangu mwanzo?"

"Mwanzoni nilitaka. Wallahi, Mama, siku ile kwenye mkeka nilitaka. Kisha nikafika nyumbani, tukaongea mimi na mume wangu, ikawa vigumu. Nikaona nitakueleza baadaye. Ulikuwa kwenye eda, sikutaka kukuongezea."

"Watoto umewaambia sitaki."

"Ilikuwa rahisi zaidi."

"Basi ungeniambia na mimi mapema kwamba sitaki."

Alianza kulia. Sikumbembeleza, na sikumkemea. Nilikuwa nikifikiria ndagala niliomnyima yule paka, na jinsi nilivyokuwa nikimpima kila Ijumaa nikifurahi kila mizani inapopungua. Nilikuwa nikimuandaa yeye tu. Ningeweza kutoka. Ilikuwa haja ya kweli, ningeweza kutoka mchana nikaulize mwenyewe. Nilikaa kwa sababu nilimwamini mtoto niliyemzaa.

Akajifuta machozi kwa kiganja, akasema kwamba watoto wanamsubiri paka.

"Sweta ni yangu," nilimwambia. "Siitoi. Haiendi popote. Siku ya safari, paka akiingia mfukoni bila sweta, mchukue. Asipoingia, anabaki na mimi, na mfuko huo usimlazimishe."

"Sawa, Mama."

Alikubali haraka kwa sababu hakuwa na la kufanya. Nami nilisema vile kwa sababu nilikuwa na hakika. Paka huyo hakuwa ameachana na sweta ile hata usiku mmoja tangu mwenye sweta aondoke. Nilijua hataingia. Sitadanganya: nililala vizuri usiku ule.

Siku yenyewe nilikaa kwenye kiti changu, sweta ikiwa mapajani. Binti yangu aliweka mfuko katikati ya sebule, akaufungua, akarudi nyuma hadi ukutani. Jirani alisimama mlangoni na mikono yake ya unga. Paka alitoka chumbani, akaja kwangu kwanza. Alinusa sweta, akaikandakanda mara chache kwa miguu ya mbele. Mkono wangu ulikuwa karibu na kichwa chake na sikumgusa, maana ningemgusa ingekuwa kumshika.

Kisha akashuka, akavuka mkeka, akaingia mfukoni. Akatafuta ndagala pale ndani kabisa nilipokuwa nikimuwekea, hakumkuta. Nilingoja atoke. Alijigeuza akalala, kidevu juu ya mguu, kama nilivyomzoesha.

"Eh," jirani alisema.

Binti yangu hakusogea kufunga. Alikuwa ananitazama mimi. Nikainuka, nikapiga magoti, nikafunga zipu mwenyewe, taratibu, kwa sababu akifungiwa kwa haraka hushtuka.

Niliwasindikiza, kwa kuwa paka hulia ndani ya gari asipokuwa mapajani pangu. Binti yangu alikaa mbele na dereva. Niliingiza kidole kwenye wavu, na njia nzima hakulia. Pale uwanja wa ndege, mlinzi wa mlangoni aliinama akachungulia ndani ya mfuko, akatabasamu.

"Patron huyu, bosi mzima, anaenda wapi?"

"Ulaya," binti yangu alisema.

"Bahati yake. Nani anasafiri hapa?"

"Mimi na paka."

"Na mama?"

"Mama anasindikiza."

Nilimpa binti yangu mfuko. Nilimweleza aushike kwa chini, asiuninginize, na wakimwambia amtoe paka kwa ukaguzi, amshike kifuani na asimtazame machoni. Alisema ndiyo, Mama, ndiyo. Alitaka kunikumbatia, lakini mfuko ulikuwa katikati yetu.

Jirani alikuwa amenichemshia chai niliporudi. Sanduku langu lilikuwa bado nyuma ya mlango. Alinisaidia kulifungua na kurudisha nguo kabatini, moja moja, na hakutaja vidole hata siku moja.

Wiki chache baadaye mjukuu wangu alinipigia tena. Paka alikuwa hai na mzima, chini ya dirisha, na nyuma yake kulionekana mti usio na majani.

"Bibi, kitanda hakitaki. Analala kwenye mfuko tu."

"Muacheni humo."

"Siku moja ukitaka kuja, utaniambia mimi?"

Nilisikia maji ya bomba yakitiririka nyuma yake, na vyombo. Mama yake alikuwa jikoni.

"Nilitaka kuja," nilisema.

"Lini?"

"Tangu mwanzo. Hakuna siku niliyosema sitaki."

Bomba likafungwa. Mtoto aligeuza uso kuangalia nyuma, na simu ikainama mkononi mwake, nikabaki naona dari nyeupe. Nilingoja na sweta mapajani. Nilimsikia mtoto akiuliza kitu kwa Kifaransa, mara mbili, na sikusikia anayemjibu.